Mama Saizi na Zile Namba Kumi na Mbili

Ijumaa ijayo, tarehe thelathini, saa kumi jioni, Mama Saizi atarudisha ufunguo wa chumba namba tisa na kutoka getini akiwa mstaafu, baada ya kukitumikia kiwanda chetu kwa miaka thelathini na minne. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa kuwa nilikuwa mkuu wake katika miaka kumi na tisa ya mwanzo, na kwa kuwa, kama alivyoniambia mhariri wa jarida hili kwa upole, ni vizuri niandike wakati bado ninaweza kushika kalamu. Hakukosea. Daktari wangu ameacha kunihesabia miezi. Siku hizi ananihesabia wiki.

Basi nianze na lililo zito, ili mengine tuyafurahie. Katika faili la Mama Saizi kuna barua moja ya onyo, ya miaka ishirini na sita iliyopita. Kwa ajili ya karatasi hiyo moja, Ijumaa hatapewa Cheti cha Utumishi Safi, maana taratibu zetu zinasema cheti hicho ni cha yule tu ambaye faili lake halina onyo. Barua ile niliitia saini mimi. Kuna jambo ninalolijua kuihusu ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata marehemu mke wangu. Taratibu hizo hizo zinasema onyo linaweza kuondolewa na aliyelitia saini, kwa maelezo ya maandishi. Haya ndiyo maelezo yangu. Namwomba mhariri, akiona nafasi haitoshi, apunguze kwingine.

Sasa tumsimulie mwenyewe.

Alikuja kwetu akiwa msichana aliyetoka chuoni, ameajiriwa kuwa mchapaji. Siku hizo idara nzima ilikuwa na kompyuta moja, iliyofunikwa kitambaa cha meza chenye maua kama vile ni kitu cha kuposwa. Feni ya chumba ilikuwa na mwendo wa aina mbili: kusimama, na kupeperusha karatasi zote. Kazi yake ilikuwa kuchapa orodha za vifaa ambavyo sisi wahandisi tulivihitaji kwa ajili ya mashine za kuchajia betri, ambazo ndizo mkate wa kiwanda hiki mpaka leo. Alichapa kwa wiki tatu bila kusema neno. Wiki ya nne aliingia ofisini kwangu na orodha kumi na moja mkononi, akazipanga mezani kama karata.

“Mzee, samahani,” alisema. “Hivi nyinyi huwa mnaongea?”

Nilimuuliza anamaanisha nini. Akanionyesha. Kila mhandisi alikuwa ameagiza rezista, kile kidude kidogo chenye mistari ya rangi kinachobana umeme, kwa kipimo cha kichwani mwake. Mmoja aliandika 450, mwingine 460, mwingine 475, na wote watatu walikuwa wanafanya kazi ile ile, ya kuwasha taa ndogo ya kijani mbele ya mashine. Mtunza stoo wetu, mtu mnene aliyependa utani kuliko mshahara, alikuwa na droo mia tatu na kumi na moja za rezista, na nusu yake hakuna aliyezifungua kwa mwaka mzima. “Mabwana wahandisi,” alikuwa akituambia kila mwezi, “hii ni stoo, si jumba la makumbusho!”

Wasomaji ambao si mafundi wanisamehe, nitaeleza kwa viatu. Hakuna miguu miwili ya watu iliyolingana kabisa, lakini fundi viatu hatengenezi kiatu kwa kila mguu uliopo duniani. Anachagua saizi chache, kila moja ikiizidi iliyotangulia kwa hatua inayoeleweka, na kila mguu unapata pa kuingia. Wahandisi nao wana saizi zao, na huitwa namba teule. Za rezista za kawaida ni kumi na mbili: 1.0, 1.2, 1.5, 1.8, 2.2, 2.7, 3.3, 3.9, 4.7, 5.6, 6.8 na 8.2. Ukifika mwisho unaanza tena kwa kuzidisha kwa kumi. Kila namba inaizidi mwenzake kwa karibu moja ya tano. Ukikokotoa ukapata 450, unachukua 470 na maisha yanaendelea.

Tulizijua namba hizo, tulifundishwa chuoni. Tulichokosa ni mtu wa kututia adabu.

Mama Saizi alijitia adabu kwanza yeye. Alijifunza kuandika programu kwa kitabu cha kuazima, saa za chakula, sahani pembeni. Mwaka wa tatu alituletea programu yake ya kwanza, na aliiita Ngazi. Kwa lugha ya watu wa kompyuta ilikuwa maktaba, yaani mkusanyiko wa vipande vya programu ambavyo programu nyingine huja kuviazima. Mlinzi wetu wa getini alisikia kwamba msichana wa juu ameanzisha maktaba, akapanda ngazi zote tatu kuomba hadithi ya mapenzi. Hakurudi mikono mitupu: alirudi na orodha ya rezista, na aliibandika kibandani kwake kwa miaka.

Kazi ya Ngazi ilikuwa nyepesi kuieleza. Unaipa namba yoyote uliyoikokotoa, nayo inakurudishia namba teule iliyo karibu. Ukitaka ipande, inapanda. Ukitaka ishuke, inashuka. Mahali penye hatari, kama unene wa nyaya, ilikataa katakata kushuka, hata ukiibembeleza. Orodha zote za ununuzi zilipitia kwake kabla hazijatoka. Wahandisi walinuna. Mmoja wetu, mtu mwenye shahada mbili na masharubu ya kutosha watu watatu, alimfuata na karatasi yake juu.

“Dada, hesabu yangu inasema 4,412. Umeniwekea 4,700. Umenisahihisha kwa idhini ya nani?”

“Hesabu yako ni sahihi, kaka,” alimjibu bila kuinua macho. “Ila dukani haipo.”

Maneno hayo matatu, “ila dukani haipo,” yalizunguka kiwanda kizima. Watu waliyatumia kwa nyongeza za mishahara, kwa wachumba, kwa kila kitu. Ndipo jina la Dada Saizi lilipozaliwa. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza likakua pamoja naye likawa Mama Saizi. Jina lake la cheti cha kuzaliwa, nadhani ni yeye na mhasibu tu wanaolikumbuka.

Katika mwaka mmoja droo mia tatu na kumi na moja zilipungua zikawa sabini na mbili. Mtunza stoo alipita katikati ya makabati yake kama mtu aliyehamia nyumba kubwa. Droo ya sabini na tatu aliiomba kwa heshima zote iwe ya sukari yake ya chai. Mama Saizi aliiingiza kwenye orodha rasmi, ikiwa na namba yake, na wakaguzi walipokuja waliikuta, wakaipigia alama ya vyema.

Mimi wakati huo nilikuwa mhandisi mkuu, na nyuma ya mgongo wangu waliniita Mzee Kanuni. Walidhani sijui. Nilipenda kanuni za hesabu jinsi wengine wanavyopenda mpira. Mstari mmoja mfupi unaoeleza mambo elfu moja ulinifanya nisahau kula. Na hapa ndipo ninapoingia katika wasifu wa mtu mwingine bila kualikwa.

Ndani ya Ngazi, Mama Saizi alikuwa ameziandika zile namba kumi na mbili moja moja, katika jedwali, kama mtu anayeandika majina ya wageni. Lilinikera. Nilijua kwamba namba hizo zilitokana na kanuni: unachukua kumi, unaigawa katika hatua kumi na mbili zinazolingana kwa kuzidisha, basi. Kwa nini kuandika jedwali ambapo mstari mmoja unatosha? Nilimwambia zaidi ya mara moja. Alikuwa akinisikiliza, akitabasamu, na jedwali likabaki.

Miaka ishirini na sita iliyopita alichukua likizo ya siku tano. Mwanawe alikuwa akitolewa mafindofindo. Jumanne ya wiki hiyo, baada ya chakula, niliketi mbele ya kompyuta yake. Nililifuta jedwali na mahali pake nikaandika kanuni yangu, mstari mmoja. Niliutazama kwa muda mrefu. Ulikuwa mzuri, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Ulikuwa mzuri kweli. Kulikuwa na daftari la mabadiliko pembeni ya mashine, ambalo kila aliyegusa programu alipaswa kuandika alichofanya na kuweka sahihi. Sikuandika. Nilitaka akirudi nimwonyeshe mwenyewe, nione uso wake. Kesho yake nilitumwa safari ya wiki mbili, na niliporudi nilikuwa nimejaa mambo mengine.

Kosa langu lilikuwa kosa ambalo mtu asiyesoma hawezi kulifanya. Namba teule hazikai sawasawa kwenye kanuni. Waliozipanga zamani walikuwa na saizi nyingine zilizokwisha kuzoeleka, wakazisogeza baadhi kidogo, na dunia nzima ikazifuata hivyo. Kanuni inasema 4.6, rezista zilizopo madukani ni 4.7. Kanuni inasema 2.6, 3.2, 3.8 na 8.3, za madukani ni 2.7, 3.3, 3.9 na 8.2. Tano kati ya kumi na mbili. Niliwahi kuyasoma hayo nikiwa chuoni, nikayasahau kwa sababu hayakuwa na urembo.

Orodha ya ununuzi ya robo mwaka ilitoka na saizi tano zisizokuwepo. Muuzaji aliikalia, akauliza kwa wenzake, wenzake wakacheka, na baada ya wiki tano aliturudishia na barua fupi ya adabu akituuliza kama tuko salama. Stoo ilikuwa imekwisha kukauka. Mstari wa kuunganisha ulisimama siku tisa. Wale akina mama sitini wanaochomelea vifaa vidogo walirudishwa nyumbani, na mashine mia nane za hospitali na vituo vya simu zilikaa mezani zikiwa na matundu.

Iliundwa kamati ya watu watatu. Mwenyekiti wake nilikuwa mimi. Kikao kilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi.

Tulipofungua Ngazi mbele ya wote, jedwali lilikuwa mahali pake, namba zote kumi na mbili sahihi. Lakini orodha iliyochapwa ilikuwa mbele yetu, na ilikuwa na 4.6. Sahihi ya mwisho katika daftari ilikuwa ya Mama Saizi. Mjumbe wa utumishi alihitimisha kilichoonekana wazi: mama huyu aliharibu, kisha alipoona mambo yamewaka akarekebisha kimyakimya bila kuandika. Kosa la kwanza lingesameheka, alisema, lakini kuficha hakusameheki. Mama Saizi alijibu mara moja tu.

“Mimi sikuharibu, na sikurekebisha.”

Kisha akanitazama, si kwa hasira, kama mtu anayesubiri zamu ya mwenzake kusema. Nilitazama dirishani. Barua iliandikwa adhuhuri, ikiwa na maneno “kufanya kosa na kulificha,” na niliitia saini.

Barua hiyo ilimgharimu. Ukuu wa sehemu ya mahesabu ulipotangazwa, alipitwa. Uliporudi kutangazwa baada ya miaka minne, alipitwa tena. Mara zote mbili faili lilifunguliwa na karatasi ile ikasomwa kwa sauti. Mara ya tatu waliojua thamani yake walikuwa wengi kuliko waliosoma faili, akapewa. Mtu mwingine angehama, au angefanya kazi kwa kununa. Yeye Jumatatu baada ya onyo alifika saa mbili kasorobo kama kawaida yake, akaondoa kitambaa cha maua, akaendelea.

Na aliendelea hasa. Ngazi ilipanda kutoka namba kumi na mbili hadi ishirini na nne, hadi tisini na sita, hadi mia moja tisini na mbili kwa vifaa vya usahihi mkubwa. Aliiongezea saizi za vipitishi vya nyaya, za skrubu, za matangi, za mabomba. Miaka kumi na miwili iliyopita kiwanda kilimruhusu kuitoa bure kwa yeyote duniani anayeitaka, na leo inatumiwa na watu ambao hatutawaona kamwe. Wanamwandikia. Anajibu kila mmoja, hata yule aliyeuliza kama Ngazi inaweza kumchagulia mke wa kimo kinachofaa. Alimjibu kwamba inaweza, mradi akubali kwamba ikikosa iliyo karibu, itapanda.

Amefundisha wahandisi arobaini na wawili, na wote, nasikia, wana desturi moja: wakimaliza hesabu, kabla ya kuandika jibu, wanauliza kwa sauti, “Dukani ipo?” Fundi wa feni naye alijifunza kwake, feni ya chumba namba tisa sasa ina mwendo wa aina tano, na kila mmoja unauzidi uliotangulia kwa hatua ile ile. Mwanawe aliyetolewa mafindofindo ni daktari wa meno, na ndiye anayenitengenezea meno ya bandia. Anayapima mara mbili. Ametoka kwa mama yake.

Nilipostaafu, watu wengi waliahidi kunitembelea. Mama Saizi hakuahidi. Amekuja kila Jumapili ya kwanza ya mwezi kwa miaka kumi na mitano, na kila mara huuliza lile lile: “Mzee, umekula nini leo?” Nikisema chai, hunitazama kama ninyi nyote mnavyojua anavyotazama, kisha huingia jikoni. Binti yangu humwita shangazi. Hatujawahi hata siku moja kuitaja barua. Nilijiambia kwamba hajui. Nilijiambia hivyo kwa sababu kama alijua, na bado alikuwa akija kunipikia uji, nisingekuwa na pa kuuweka uso wangu.

Wiki mbili zilizopita mhariri aliniletea kurasa za Ngazi zilizochapwa, ili nisikosee nitakapoisifu. Nilizisoma kitandani kwa kioo cha kukuzia. Nilifika kwenye jedwali la zile kumi na mbili. Juu yake kuna maelezo mafupi, yale ambayo mwandishi wa programu huwaachia watakaokuja baada yake, na yana tarehe: ile Jumatatu baada ya onyo. Anasema hivi:

“Usibadilishe jedwali hili kwa kanuni. Kanuni ni nzuri, ila dukani haipo. Aliyewahi kulibadilisha alikuwa na nia njema.”

Na chini yake, katika jedwali lenyewe, kuna jambo ambalo hakuna msomaji mwingine angeligundua. Mimi nilikuwa na mazoea mabaya ya kuchapa: baada ya kila mkato niliacha nafasi mbili, si moja. Alinitania kwayo tangu mwaka wa kwanza. Alisema namba zangu zinaogopana. Katika programu nzima, maelfu ya mistari, ameacha nafasi moja kila mahali. Katika mstari wa zile namba kumi na mbili tu kuna nafasi mbili mbili. Miaka ishirini na sita, na hakuzifuta.

Kwa hiyo alijua, na aliishi na hilo kwa utulivu, na alinikirimia neno “nia njema.” Nimelala nalo wiki mbili hizi, na nina furaha ambayo sikuitazamia katika umri huu na hali hii, furaha ya mtu aliyeona kwamba hajadanganya watu wote. Lakini mtu anayestaafu anastahili kuagwa kwa maneno yaliyopimwa vizuri, na maneno yake hayo yananizidi kipimo.

Mama Saizi, kwa niaba ya mtunza stoo aliyetangulia na sukari yake, ya akina mama sitini wa mstari wa kuunganisha, ya wahandisi uliowatia adabu na ya Mzee Kanuni, asante. Nenda ukalale mpaka jua likuchoke. Ukae na wajukuu, afya iwe nawe, na siku zako zizidi kupanda hatua kwa hatua, wala zisishuke hata zikibembelezwa. Ijumaa uvae nguo unayoipenda, maana utaitwa mbele kupokea cheti.

Uliandika nia njema. Ya Jumanne ile, nilipoandika kanuni, ilikuwa njema. Ya Ijumaa ya kikao haikuwa. Sikuwa nimesahau, na sikuwa sijui. Saa moja asubuhi, kabla hajafika mtu, nilifunga mlango wa chumba namba tisa kwa ufunguo, nikafungua Ngazi, nikaufuta mstari wangu, nikaliandika upya jedwali lako namba kwa namba, nikafunika mashine kwa kitambaa, kisha nikaenda kuongoza kikao kilichokuadhibu kwa kulificha kosa. Aliyelificha ni mimi.